Kumlea mhadhiri mpya kwenye kampasi ya mkoani: mwongozo kwa wakuu wa idara na waratibu wa Tanga

Kila mwaka wa masomo ukianza, maswali ni yale yale. Mkuu wa idara aliyeteuliwa juzi anauliza: "Nimeletewa wahadhiri wasaidizi wawili, niwaanzishe vipi?" Mratibu wa kituo anauliza: "Nimeambiwa niandae mpango wa kuwaendeleza wanataaluma, na fungu la fedha sina." Mwingine ana mtu aliyekwama na PhD na hajui amshike wapi. Nimekuwa nikiyajibu kwa simu na kwenye korido za vikao. Sasa nayaweka pamoja.

Mwongozo huu ni wa vyuo vikuu vya umma, hasa kwa wanaofanya kazi mbali na makao makuu: kituo cha mkoa cha Chuo Kikuu Huria hapa Tanga, kampasi ya Mzumbe wilayani Mkinga iliyoanzishwa kupitia HEET (mradi wa serikali wa kuimarisha elimu ya juu), au idara yoyote yenye watu wachache ambako mtu mmoja akiugua kozi tatu zinasimama.

Nitakachokirudia hadi mwisho ni hiki: mhadhiri mpya anahitaji muda unaolindwa na mtu wa karibu wa kumuuliza, kabla hajahitaji semina. Semina zina kazi yake. Lakini mtoa mada anayeshuka kwenye basi la Dar asubuhi, akaonyesha slaidi zake na kupanda basi la kurudi kesho yake, huyo ni waja leo waondoka leo. Maswali yenyewe yanaibuka wiki ya nne ya muhula, na wakati huo yeye hayupo. Wewe upo.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Orodha ya wanataaluma wote wa idara yako kwenye ukurasa mmoja: cheo, shahada ya juu, mwaka wa kuajiriwa, kozi anazofundisha, na mwaka anaotarajia kuomba kupanda cheo.
- Muundo wa utumishi wa wanataaluma na kanuni za chuo chako za kupandishwa vyeo, toleo linalotumika sasa. Ofisa utumishi anazo. Usitegemee nakala uliyotumiwa kwenye WhatsApp.
- Ratiba ya muhula na kalenda ya mitihani.
- Kumbukumbu za kikao cha idara zinazoonyesha kuwa mpango huu umekubaliwa. Bila hizo, siku ukihamishwa mpango unahama nawe.
- Chumba kimoja chenye mlango unaofungwa, meza na soketi inayofanya kazi.

Fedha sikuiweka kwenye orodha. Hatua nyingi hapa chini hazina gharama zaidi ya chai.

Ngazi zenyewe, kwa asiyezijua: mkufunzi msaidizi, mhadhiri msaidizi, mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, profesa. Mkufunzi msaidizi huajiriwa kwa shahada ya kwanza yenye ufaulu wa juu, kwa kawaida GPA ya 3.8 kwenda mbele, na hutarajiwa kusoma shahada ya uzamili. Ngazi ya mhadhiri, kwa fani nyingi, inadai PhD. Kuanzia hapo kinachopimwa zaidi ni machapisho na ufundishaji.

Hatua ya 1: Mpunguzie mzigo muhula wa kwanza

Desturi mbaya niliyoiona idara nyingi ni kumpa mgeni kozi ambazo wenyeji wamezikimbia: darasa kubwa kuliko yote, kozi isiyo na maandishi, na ile inayofundishwa saa kumi na moja jioni. Kijana anatumia usiku kucha kuandaa somo la kesho. Kufika mwisho wa mwaka amechoka, hajaandika chochote, na ameshajifunza kufundisha kwa kusoma slaidi kwa sababu hakuwa na muda wa kufundisha kwa namna nyingine.

Fanya hivi. Mpe kozi mbili, zisizidi, na moja kati yake iwe imewahi kufundishwa na mtu ambaye bado yupo. Siku anapokabidhiwa kozi, akabidhiwe na faili: muhtasari wa kozi, slaidi au maandishi, mitihani ya miaka mitatu iliyopita pamoja na miongozo ya kusahihisha, na maoni ya mtahini wa nje. Kama faili halipo, kazi ya kwanza ya mwenye kozi wa zamani ni kulitengeneza, na hilo liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao.

Angalizo: wenzake watanung'unika kwamba wao hawakupunguziwa. Wajibu mapema kikaoni, mbele ya wote, kwamba nafuu hii ni ya muhula mmoja na kila atakayeajiriwa ataipata. Ukimwacha mgeni ajitetee mwenyewe, umemtengenezea uadui mwezi wa kwanza.

Na hapa usimsahau mhadhiri anayerudi kutoka likizo ya uzazi. Sheria inampa siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na akirudi ana haki ya muda wa kunyonyesha ndani ya saa za kazi. Mpangie vipindi vya katikati ya asubuhi, na usimrundikie kozi mbili "za kufidia". Hana deni na idara.

Hatua ya 2: Mtafutie mlezi, na asiwe wewe

Mkuu wa idara ndiye anayejaza tathmini ya utendaji. Kwa hiyo mtu hawezi kukwambia kwa uwazi kuwa darasa limemshinda. Mlezi awe mhadhiri mwenye uzoefu, mwenye subira, na asiye na sauti kwenye cheo cha huyo kijana. Asilee zaidi ya watu wawili kwa wakati mmoja.

Idara ndogo haina watu wa kutosha? Kuna njia mbili. Ya kwanza, mlezi kutoka kampasi kuu kwa simu, ila wawe wameonana ana kwa ana angalau mara moja mwanzoni. Ya pili ni wastaafu. Mtu aliyefundisha miaka thelathini na sasa anakaa Raskazone au Muheza akiangalia michungwa yake, mara nyingi anasubiri tu kuombwa. Nenda umwombe kwa heshima, kwa barua ya chuo, na umwambie wazi unataka saa ngapi kwa mwezi. Shikamoo ya mlangoni peke yake haitoshi kumfunga mtu na kazi.

Wape ratiba: kukutana mara moja kila wiki mbili, nusu saa. Kikao cha kwanza kiwe na swali moja tu: "Darasani kwako nini kinakutia hofu?" Mlezi asikilize kabla ya kutoa ushauri.

Hatua ya 3: Ingieni madarasani kwa wenzenu

Hapa ndipo penye faida kubwa kuliko sehemu nyingine zote, na ndipo watu wanapoogopa zaidi. Kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

(a) Anza na mwandamizi. Wiki ya pili au ya tatu, mhadhiri mpya aende akakae nyuma ya darasa la mwandamizi, na mwandamizi aombe maoni. Mkubwa akitangulia kukaguliwa, woga unapungua.

(b) Kabla ya kuingia kwenye darasa la kijana, kaeni dakika ishirini. Akuambie somo ni nini, anataka wanafunzi watoke wakiweza kufanya nini, na yeye mwenyewe anataka umwangalilie jambo gani. Liwe jambo moja. "Naongea haraka?" linatosha.

(c) Ukiwa ndani, kaa pembeni nyuma. Andika saa na kilichotokea: "Saa 2:10, ameuliza swali, amesubiri kidogo sana, akajibu mwenyewe." "Saa 2:25, safu mbili za nyuma hazioni ubao." Usiandike "mzuri" wala "dhaifu". Usimkatize, usisahihishe hata akikosea. Akikosea jambo kubwa, mwambie baadaye naye atalirekebisha mwenyewe kipindi kijacho.

(d) Zungumzeni ndani ya saa 24. Yeye aanze. Wewe soma ulichoandika, kisha mkubaliane jambo moja la kubadilisha. Watu wengi huvunjika moyo kwa kupewa orodha ya mambo kumi na mawili kwa mkupuo.

(e) Daftari ni lake. Mpe. Lisiende kwa mkuu wa idara, lisiingie kwenye faili la utumishi.

Jambo linalojitokeza karibu kila darasa ni lugha. Lugha ya kufundishia ni Kiingereza, na wanafunzi wengi wa mwaka wa kwanza wanakifuata kwa taabu. Mhadhiri mpya huchukua mojawapo ya njia mbili: ama anashikilia Kiingereza kizito na darasa linanyamaza, ama anageukia Kiswahili kitupu na wanafunzi wanakwama kwenye mtihani. Njia niliyoiona ikifanya kazi ni ya katikati, na ina mpangilio. Istilahi za somo ziandikwe ubaoni kabla ya kuanza. Mhadhara uende kwa Kiingereza cha sentensi fupi. Wanafunzi wajadiliane wawili wawili kwa lugha wanayoimudu, kisha mmoja atoe jibu kwa Kiingereza. Unafundisha somo, na wakati huo huo unampa mwanafunzi lugha ya kulijibia.

Kama chuo chako ni cha masafa, kama Chuo Kikuu Huria, usiseme hatua hii haikuhusu. Kagueni vipindi vya ana kwa ana, na mkague kozi yenyewe kwenye Moodle, mfumo wa masomo mtandaoni: mwanafunzi akiingia leo anajua aanzie wapi? Swali lililoulizwa kwenye jukwaa la majadiliano lilijibiwa baada ya siku ngapi?

Hatua ya 4: Waulize wanafunzi mapema

Fomu za tathmini za mwisho wa muhula zinafika wakati wanafunzi wameshaondoka. Wiki ya tano au ya sita, gawa vipande vya karatasi bila majina, maswali matatu: Nini kinakusaidia kujifunza katika kozi hii? Nini kinakukwaza? Ungependa nini kibadilike? Dakika kumi za mwisho wa kipindi zinatosha.

Kisha mhadhiri arudi kipindi kijacho aseme: hili nitabadilisha, hili siwezi, na sababu ni hii. Asiporudi na jibu, mara ya pili watamwandikia "sawa tu".

Hatua ya 5: Mtihani na mwongozo wake viandikwe siku moja

Mfundishe hili tangu mtihani wa kwanza. Swali lisilo na mwongozo wa kusahihisha bado halijakamilika. Akiandika vyote kwa pamoja, ataona mwenyewe kuwa swali la alama 20 lina jibu la alama 8. Kabla ya kusahihisha rundo lote, yeye na mlezi wasahihishe vitabu vitano vile vile vya majibu ya wanafunzi, kila mmoja peke yake, halafu walinganishe alama. Tofauti ikiwa kubwa, warekebishe mwongozo kabla ya kwenda mbele.

Hatua ya 6: Wekeni asubuhi ya kuandika

Makala haiandikwi "nikipata nafasi". Chagueni asubuhi moja ya wiki, saa mbili hadi saa nne, isiyo na vipindi wala vikao. Jumanne au Jumatano ni nzuri. Ijumaa iacheni, hasa hapa Tanga, kwa kuwa watu wana maandalizi ya swala ya mchana. Mwezi wa Ramadhani mjadiliane saa upya.

Kila mtu akiingia anasema kwa sentensi moja atakachoandika leo: "Namaliza aya tatu za mbinu za utafiti." Simu zinazimwa. Mwisho, kila mtu anasema alichofikia. Hakuna kusoma kazi za watu hapo, hiyo ni siku nyingine. Kompyuta zichajiwe nyumbani jana yake, kwa sababu umeme hauna miadi.

Mambo matatu ya kumwonyesha mwandishi mpya:

Majarida ya kusoma. Tanzania imo kwenye kundi la nchi zinazopata Research4Life, mpango wa kusoma majarida ya kitaaluma mtandaoni, bila malipo kupitia taasisi zao. Nenda na mkutubi, mfungulie akaunti, mkae naye hadi apakue makala ya kwanza. Aweke na Zotero, programu ya kutunza marejeo, ni bure.

Mahali pa kuchapisha. Kuna majarida ya kilaghai yanayomtumia mtu barua pepe ya kumsifia, yanaahidi kuchapisha ndani ya siku chache, kisha yanadai dola. Kamati za kupandisha vyeo huyakataa, na makala ikishatoka huko huwezi kuipeleka kwingine. Aangalie jarida kwenye DOAJ (orodha ya majarida huria yaliyokaguliwa) au kwenye AJOL (mkusanyiko wa majarida ya Afrika mtandaoni), asome makala mbili zilizomo, na amuulize mlezi kabla ya kutuma chochote. Jarida zuri likidai ada, aombe msamaha wa ada kwa maandishi siku ya kutuma makala. Wachapishaji wengi wanautoa kwa waandishi wa nchi kama yetu, ila huutoa kwa anayeomba.

Mpangilio wa majina. Wakubaliane nani mwandishi wa kwanza kabla ya kuanza kuandika. Kama data ilikusanywa na mwanafunzi na yeye akaandika, jina lake liingie. Hili nalisisitiza kwa uchungu: mkubwa kuchukua kazi ya mdogo ni wizi, hata kama umezoeleka.

Hatua ya 7: Mwonyeshe utafiti ulio mlangoni kwake

Mhadhiri wa mkoani hudhani fedha na mada viko Dar. Chukua naye ramani ya mkoa.

Muheza kuna kituo cha Amani cha NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu), chenye historia ndefu ya utafiti wa malaria, na kuna Mlingano, kituo cha utafiti wa mkonge cha TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo). Juu milimani, Amani kulikuwa na kituo cha utafiti wa kilimo na mimea tangu mwaka 1902, enzi za Wajerumani. Mkonge wenyewe uliingizwa mwaka 1893 na Richard Hindorf, kwa hiyo mwanahistoria, mchumi na mtaalamu wa sheria za kazi wote wana pa kuanzia bila kupanda ndege. Baharini kuna Hifadhi ya Silikanti (samaki wa kale wa kina kirefu), iliyotangazwa mwaka 2009, na wavuvi ambao maisha yao yalibadilika nayo. Chongoleani ndiko linakoishia bomba la mafuta ghafi lenye urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda. Ardhi, fidia, ajira, mazingira: idara karibu zote zina swali pale.

Aanze na jambo dogo. Aende akajitambulishe kituoni, aulize wana data gani ambayo haijachambuliwa, na alete pendekezo la kurasa mbili.

Angalizo la vibali: barua ya chuo ipelekwe kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kisha wilayani, kisha kata na mtaa au kijiji. Utafiti wa afya unahitaji kibali cha maadili kabla ya dodoso la kwanza. Akiwa na mshirika kutoka nje ya nchi, kuna kibali cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia). Aombe mapema, na asikusanye data "wakati kibali kinakuja", maana makala itakataliwa.

Hatua ya 8: Panga foleni ya masomo

Chukua ile orodha ya ukurasa mmoja. Nani anaenda PhD mwaka huu, nani mwakani, na nani atashika kozi zao? Wawili wa fani moja wasiondoke pamoja. Ruhusa ya masomo iombwe kwa maandishi kabla ya mtu kuondoka, na asome mkataba wa kurudi kazini kabla ya kuusaini. Nafasi za ufadhili zitafute kwenye mradi wa HEET kama chuo chako kimo na bado una nafasi, DAAD (shirika la ufadhili wa masomo la Ujerumani), na CARTA (mtandao wa vyuo vya Afrika wa kuwafunza watafiti) kwa wa afya ya jamii. Mhimize aandike pendekezo la utafiti na kumpata msimamizi kabla tangazo halijatoka, kwa kuwa muda wa kuomba ni mfupi.

Hatua ya 9: Liingize kwenye mfumo na kwenye bajeti

Mwaka wa serikali unaanza Julai 1. Kila mhadhiri aweke kazi ya kujiendeleza kwenye mpango wake wa PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji wa watumishi wa umma uliochukua nafasi ya OPRAS, kwa maneno yanayopimika: "kutuma makala moja", "kukaguliwa darasani mara mbili". Idadi ya kukaguliwa inaweza kuingia, yaliyoonekana darasani yasiingie. Mahitaji ya fedha, hata kama ni nauli ya mlezi kutoka Dar, yafike kwa mhasibu wakati maandalizi ya bajeti yanapoanza, miezi mingi kabla ya Julai. Ukiomba Machi utaambiwa subiri mwakani.

Yakikwama

*Watu wanauliza posho.* Usikasirike. Wengi wana familia na mishahara inaishia kati ya mwezi. Weka shughuli ndani ya saa za kazi, hapo hapo kazini, na ziwe fupi, ili asitumie nauli wala muda wake. Waeleze kuwa kinachopatikana ni makala na cheo, kisha hakikisha wa kwanza wanavipata kweli. Wengine watafuata.

*Mlezi na mlelewa hawaelewani.* Badilisha bila kuitisha kikao cha usuluhishi. Waambie tangu mwanzo kuwa baada ya muhula mmoja kila mtu yuko huru kuomba mwingine.

*Mwandamizi anakataa kukaguliwa darasani.* Mwache. Anza na wanaokubali, na umwombe yeye asaidie kwenye mitihani au kusoma miswada. Usimlazimishe mtu mzima mbele ya vijana.

*PhD imekwama.* Kaa naye umuulize mambo matatu: mara ya mwisho kuonana na msimamizi ni lini, sura ipi haijaandikwa, na anafundisha saa ngapi kwa wiki. Mara nyingi jibu liko kwenye la tatu. Mwondolee kozi moja kwa muhula mmoja, na mwandikie msimamizi barua ya heshima kuomba ratiba ya vikao. Kama tatizo ni msimamizi hajibu, ofisi ya masomo ya uzamili ya chuo anachosoma ina utaratibu wa kubadilisha. Mwanafunzi mwenyewe ndiye anayeandika, lakini wewe soma barua yake kabla haijaenda.

*Asubuhi ya kuandika imekufa.* Angalia kama kuna kikao kimepangwa juu yake. Kwa kawaida ndicho kilichoiua, na mara nyingi mwenye kikao ni mkuu wa idara. Hamisha kikao.

*Mtu amepata kazi Dar au nje na anaondoka.* Mpongeze, mwombe aache mafaili ya kozi zake yakiwa kamili, na umwombe abaki mlezi wa simu wa atakayekuja.